Nzwani 1997–2008 kwa njia nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu zoezi la historia mbadala

Ukurasa huu ni wa walimu, wanafunzi na vikundi vya kusoma vya hapa Kigoma, Ujiji na wilaya za jirani vinavyotaka kuendesha zoezi hili. Maswali ni yale yale yanayorudi kila linapoandaliwa. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya pembeni.

## Mambo ya msingi

Hili ni zoezi la nini hasa?

Ni zoezi la mezani. Washiriki wanagawanyika katika makundi matano na kuipitia upya miaka kumi na moja ambayo kisiwa cha Nzwani (kwenye ramani nyingi, Anjouan) kilijaribu kujitenga na Komoro kikashindwa. Kila kundi lina fedha, mafuta na maamuzi yake. Mwanzo ni ule ule wa mwaka 1997. Yanayofuata hutegemea makundi yatakayokubaliana au kukataliana.

Hatutafuti nani mshindi. Tunachotafuta ni kujua kisiwa kingerudi lini, kwa bei gani, na nani angeilipa. Ukitaka mchezo wa vita wenye mizinga na ramani za mapigano, hili litakuchosha: sehemu kubwa yake ni mishahara na gati.

Kwa kifupi, ni nini kilitokea kweli?

Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Moroni, mji mkuu, ilikuwa inashindwa kulipa watumishi wake kwa wakati, na Nzwani ililalamika kwamba mapato yanaishia kisiwa kikuu, Ngazija. Tarehe 3 Agosti 1997 viongozi wa Nzwani walitangaza kujitenga, na Abdallah Ibrahim akawekwa kuwa rais. Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba ombi lao la kwanza lilikuwa kurudi chini ya Ufaransa, wala halikuwa uhuru kamili. Ufaransa ilikataa.

Mwanzoni mwa Septemba 1997 Moroni iliteremsha wanajeshi wapatao 300, wakarudishwa nyuma. Mwezi Oktoba kisiwa kikapiga kura ya maoni na karibu kila aliyepiga akakubali kujitenga. Hakuna nchi hata moja iliyokitambua.

Aprili 1999 mazungumzo ya Antananarivo, Madagaska, yalizaa mkataba ambao wajumbe wa Nzwani hawakuutia saini. Watu wa Nzwani waishio Moroni wakashambuliwa, na tarehe 30 Aprili Kanali Azali Assoumani akachukua madaraka. Mwaka 2000 Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliiwekea Nzwani vikwazo. Makubaliano ya Fomboni (mji wa kisiwa cha Mwali) ya Februari 2001 na katiba mpya ya Desemba mwaka huo vikakirudisha kisiwa ndani ya Muungano wa Komoro, kikiwa na rais wake.

Rais huyo, Mohamed Bacar, ofisa wa jandamari, alimaliza muhula wake mwaka 2007. Serikali ya Muungano na Umoja wa Afrika (AU) zilimtaka aahirishe uchaguzi wa Juni. Yeye akachapisha karatasi zake za kura, akaendesha uchaguzi na kujitangaza mshindi. Oktoba 2007 AU ikaweka vikwazo, na alfajiri ya tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Komoro na AU yakateremka. Bacar alitorokea Mayotte, kisiwa jirani kilichobaki chini ya Ufaransa, kwa boti, akapelekwa Réunion, na hatimaye Benin.

Kwa nini Kigoma, wakati sisi hata bahari hatuna?

Kwanza, wanajeshi wa Tanzania walikuwa sehemu kubwa ya kikosi cha AU kilichoteremka mwaka 2008, pamoja na wa Sudan, huku Libya na Senegal zikisaidia. Rais Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa AU wakati huo. Watu wengi wanakumbuka habari ya redioni lakini hawakumbuki kisa chenyewe.

Pili, ng'ambo ya ziwa tumeshawahi kuwa na jimbo lililojitenga. Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati huo, ilikuwa ndani ya Katanga. Tatu, mtu aliyewahi kusimama Kibirizi siku ambayo boti za mizigo zimezuiwa kuondoka hahitaji kuelezwa mzingiro wa bahari unavyopandisha bei ya sabuni.

Je, mnaizungumzia Zanzibar kwa mafumbo?

Hapana, na tunaomba mwamuzi alizime hilo mapema. Nzwani ilikuwa kimoja kati ya visiwa vinne vya koloni moja. Muungano wa Tanzania ni mapatano ya mwaka 1964 kati ya nchi mbili zilizokwisha kuwa huru. Hoja za kisheria ni tofauti, na mezani tofauti hiyo hupotea ndani ya dakika kumi, watu wakaanza kubishana kuhusu chaguzi za nyumbani. Raundi mbili zinakufa hivyo hivyo. Anayetaka mjadala huo aupangie siku yake.

## Maandalizi

Tunahitaji watu wangapi?

Kumi hadi kumi na wanane, pamoja na waamuzi wawili wasio katika kundi lolote. Makundi ni Mutsamudu (mji mkuu wa Nzwani, yaani viongozi wake), Moroni (serikali ya Komoro), Mwali (kisiwa kidogo cha Komoro), Paris (Ufaransa), na Wapatanishi (OAU hadi Julai 2002, kisha AU). Mutsamudu wapewe watu wengi zaidi, wanne au watano, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Mwali wanatosha wawili.

Chini ya watu kumi, unganisha Mwali na Moroni. Usimwache mwamuzi acheze Paris. Tumeona likifanyika, na kila mara Paris inakuwa mungu.

Vifaa ni vipi?

Karatasi za manila 2, vifuniko vya soda 60, punje za maharage 40, dadu 2, kadi ngumu 32, maka peni za rangi tatu, saa, na daftari moja la mwamuzi. Vyote vinapatikana Mwanga kwa nusu saa, na vifuniko baa yoyote watakupa bure.

Manila ya kwanza ni ramani. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 5. Mutsamudu, Ouani penye uwanja wa ndege, Domoni, Fomboni, Moroni na Mamoudzou (Mayotte) vyote viwemo. Kati ya Nzwani na Mayotte pana kilomita kama 70, yaani sentimita 14. Pima kwa rula, usikisie: washiriki huamua mengi kwa kuutazama umbali huo. Manila ya pili ni jedwali la raundi nane, fedha na mafuta.

Kadi 24 ni za manung'uniko. Kadi 8 zilizobaki ni za ukweli: kila moja inaeleza kilichotokea katika kipindi cha raundi moja. Mwamuzi huisoma baada ya raundi kuisha, kamwe si kabla. Ikisomwa kabla, makundi yanaigiza historia badala ya kuamua.

Linachukua muda gani?

Raundi 8 za dakika 30, mapumziko ya dakika 20 baada ya raundi ya nne, na mazungumzo ya mwisho ya dakika 45. Jumla ni saa tano na dakika tano, lakini panga sita. Anza saa tatu asubuhi ili umalize kabla ya saa tisa.

Vipindi ni hivi: Julai–Septemba 1997, Oktoba 1997 hadi mwisho wa 1998, mwaka 1999, 2000 hadi Fomboni, sehemu iliyobaki ya 2001, 2002–2006, mwaka 2007, Januari–Machi 2008. Havilingani kwa urefu, na ni makusudi: palipoamuliwa mambo mengi tumepapa nafasi.

Katika kila raundi, dakika 20 ni za mazungumzo ya wazi na ya siri, na 10 ni za kuandika maagizo. Maagizo yasiyoandikwa hayapo. Mtu akisema "tulishakubaliana kwa mdomo", mwamuzi aulize karatasi.

## Fedha, mafuta na manung'uniko

Vifuniko na maharage hufanyaje kazi?

Vifuniko ni fedha, maharage ni mafuta. Mutsamudu wanaanza na vifuniko 9 na punje 6. Kila raundi wanadaiwa vifuniko 6 vya mishahara na punje 4 za jenereta, magari na boti.

Bandari ikiwa wazi wanaingiza vifuniko 5: vitatu vya ushuru wa bandari na viwili vya karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi. Wafanyabiashara nao wanaleta punje 4. Bandari ikifungwa, ushuru unakuwa sifuri, mazao yanaleta kifuniko 1 kwa njia za panya, na mafuta yanashuka hadi punje 1. Bandari ya Mutsamudu ndiyo yenye kina kirefu kuliko zote nchini, kwa hiyo ikizibwa hakuna gati jingine kisiwani la kupokea meli kubwa.

Kila kifuniko cha mshahara kinachokosekana kinazaa kadi moja ya manung'uniko. Kadi nne zikikusanyika, wanamgambo wanagawanyika na Mutsamudu wanapoteza agizo lao la kijeshi la raundi hiyo. Mafuta yakifika sifuri, ongeza kadi mbili: taa zimezimika, na friji ya hospitali imezima pia.

Moroni wanaanza na vifuniko 12, Paris 15, Mwali 4. Wapatanishi hawana fedha kabisa. Wanalalamika sana, nasi tunawaacha walalamike.

Kwa nini Mutsamudu hufilisika raundi ya tano? Mmekosea hesabu?

Hatujakosea. Bila vikwazo wanapoteza kifuniko kimoja kila raundi, kwa hiyo baada ya raundi tatu wana 6. Wapatanishi wakifunga bandari raundi ya nne, kama OAU ilivyofanya, wanaingiza 1 na kulipa 6, wanabaki na 1. Raundi ya tano ikianza bado imefungwa, watakuwa na 2 na deni la 6. Kadi nne za manung'uniko hapo hapo.

Ndiyo maana Fomboni inavutia. Wakisaini, bandari inafunguliwa na Moroni inawapa mgawo wa vifuniko 3 kila raundi, hivyo wanaanza kuweka akiba ya 2. Raundi ya saba wakigoma tena, mgawo na ushuru vinakatika kwa pamoja, na akiba yote inaisha kabla ya Machi 2008. Tulipanga namba hizi ili mshiriki ajionee mwenyewe kwamba kilichomaliza jaribio hilo ni hazina tupu. Wanajeshi walipofika ufukweni, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika.

Nzwani inaweza kushinda kabisa?

Inaweza, ila ni adimu. Ili kushinda, itambuliwe na nchi moja na isiwe na kadi ya manung'uniko mwishoni mwa raundi ya nane. Kila ombi la kutambuliwa linagharimu vifuniko 2, na dadu zote mbili lazima zionyeshe sita, yaani nafasi 1 kati ya 36. Ombi ni moja kwa raundi.

Wanaoona kanuni hii ni ya kikatili wakumbuke azimio la OAU la Cairo, Julai 1964, lililotaka mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe. Nyerere mwenyewe alilisimamia. Nchi chache za Afrika zilikuwa tayari kulivunja kwa ajili ya kisiwa cha kilomita za mraba 424. (Ndiyo, Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968. Kila mara kuna mtu analileta hili, na ni hoja nzuri kwa mazungumzo ya mwisho, lakini haibadilishi dadu.)

## Ufaransa na majeshi

Paris hawawezi tu kukubali kukichukua kisiwa?

Kwa kanuni zetu, hapana. Ufaransa ilikuwa tayari inalaumiwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa kubaki Mayotte, na ilikataa ombi la 1997. Paris wanaruhusiwa kulipa fedha, kutoa ushauri wa siri, kupokea mtu anayekimbia, na kulegeza au kukaza viza. Viza ni silaha kubwa kuliko inavyoonekana: tangu Januari 1995 mtu wa Nzwani anahitaji viza kuingia Mayotte, na wengi wamezama wakijaribu kuvuka usiku kwa boti ndogo.

Kuteremsha jeshi kunafanikiwa lini?

Mshambuliaji hulipa vifuniko 4, kisha hutupa dadu mbili. Anahitaji 10 au zaidi. Anapunguziwa 2 kwa kila sharti alilotimiza: kituo cha kukusanyikia kwenye kisiwa jirani, kuteremka sehemu tatu kwa pamoja, na Mutsamudu kuwa na kadi nne au zaidi za manung'uniko.

Moroni wa Septemba 1997 hawana hata sharti moja. Majeshi ya 2008 yalikuwa na yote: yalikusanyika Mwali, yakaenda Mutsamudu, Ouani na Domoni kwa asubuhi moja, na kisiwa kilikuwa kimekaa miezi mitano chini ya vikwazo. Wanahitaji 4 tu. Kosa la kawaida ni la Moroni kushambulia raundi ya kwanza kwa hasira. Wakishindwa, Mutsamudu wanaondolewa kadi mbili za manung'uniko, kwa sababu uvamizi ulioshindwa huwaunganisha waliovamiwa.

## Njia panda

Mnapendekeza kuibadilisha historia wapi?

Sehemu tatu zimejaribiwa zikafaa. Ya kwanza, uvamizi wa Septemba 1997 unafaulu. Wengi hudhani hapo kisa kimeisha. Kumbe Moroni sasa wanadaiwa mishahara ya visiwa vyote na malimbikizo yake, na kufikia raundi ya tatu manung'uniko yamehamia kwao.

Ya pili, wajumbe wa Nzwani wanasaini Antananarivo. Ghasia za Moroni hazitokei, na mapinduzi ya 30 Aprili yanakosa kisingizio. Hapa waamuzi wawe makini: kukosa kisingizio si kukosa nia. Mwachie mwamuzi dadu moja, 5 au 6 mapinduzi yanatokea hata hivyo.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi: Juni 2007 uchaguzi unaahirishwa kwa wiki chache na kufanyika chini ya waangalizi. Mabadiliko ni madogo kabisa, hayahitaji jeshi wala mjumbe mpya, na huondoa vikwazo vya Oktoba, uvamizi wa Machi na pengine hata kura ya maoni ya Mei 2009 iliyowashusha marais wa visiwa kuwa magavana. Kundi lisilo na uzoefu lianze hapa, likicheza raundi za 6 hadi 8 pekee. Linatosha asubuhi moja.

Naweza kubuni njia panda yangu?

Unaweza, mradi ni uamuzi ambao mtu fulani angeweza kuufanya siku hiyo kwa alichokijua siku hiyo. "Moroni inalipa malimbikizo ya walimu kabla ya Julai 1997" inakubalika. "Mafuta yanagunduliwa Nzwani" haikubaliki. Badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha mawili hutajua lipi lililozaa matokeo.

## Makosa yanayoharibu zoezi

Tufanye nini watu wakichanganya nyakati?

Bandika orodha ukutani. Kabla ya Julai 2002 ni OAU, si AU. Kabla ya Desemba 2001 nchi ni Jamhuri ya Shirikisho ya Kiislamu ya Komoro. Hakuna kutuma pesa kwa simu mwaka 1997. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye faranga ya Ufaransa, baadaye yuro, kwa hiyo Mutsamudu hawawezi kuchapisha pesa zao na kutegemea zikubalike Moroni. Agizo lenye kosa la nyakati linarudishwa, na kundi lina dakika mbili za kuliandika upya.

Kundi la Mutsamudu linagombana lenyewe. Tuingilie?

Msiingilie. Desemba 1998 wanamgambo wa viongozi hasimu wa Nzwani walipigana mitaani, na mwaka 2001 madaraka yalibadilika kisiwani kwa nguvu. Wagawe tangu mwanzo: wawili wanataka Ufaransa, wawili wanataka uhuru, na wa tano anataka mishahara tu. Maagizo yao yasainiwe na angalau watatu. Wakishindwa kukubaliana, raundi inapita bila agizo, na hasara ni yao.

## Maswali ya pembeni

Rais Taki wa Komoro anafariki katika matawi yote ya historia mbadala?

Ndiyo. Mohamed Taki Abdulkarim alifariki tarehe 6 Novemba 1998. Kuna wanaodai kwamba bila mgogoro angeishi zaidi. Huenda, lakini tukianza kufufua watu hakuna pa kusimama.

Bob Denard, yule mamluki wa Kifaransa, je?

Hapana. Jaribio lake la mwisho Komoro lilikuwa Septemba 1995, na majeshi ya Ufaransa yalimkamata siku chache baadaye. Mamluki wengine wasio na jina wanaruhusiwa kwa vifuniko 5, na mara moja tu.

Mwali nao walijitenga?

Ndiyo, Agosti 1997, kisha wakarudi kabla ya Nzwani. Mwali wakijitenga mezani, Moroni wanapoteza sharti la kisiwa jirani (tazama swali la kuteremsha jeshi). Hiyo ndiyo karata yao pekee, na wajanja huiuza kwa bei kubwa.

Mayotte ni mfano wa kujitenga kulikofaulu?

Si hasa. Katika kura ya Desemba 1974 takriban theluthi mbili ya wapiga kura wa Mayotte walikataa uhuru, na Ufaransa ikaamua kuhesabu matokeo kisiwa kwa kisiwa. Mayotte haikuondoka kwenye dola iliyokuwapo, ilibaki na ile ya zamani, nayo ilikuwa na nguvu. Mutsamudu hawana mlezi wa aina hiyo.

Tunaweza kutumia kanuni hizi kwa Katanga?

Si bila kuandika upya sehemu ya fedha. Katanga ya Julai 1960 hadi Januari 1963 ilikuwa na shaba na kampuni kubwa ya kuilipia mishahara, na kaskazini yake, inayotazamana nasi ng'ambo ya ziwa, ilikuwa na upinzani mkali dhidi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga. Mapato yawe angalau mara mbili ya mishahara, na manung'uniko yatokane na eneo badala ya malipo.

Tunaruhusiwa kumsemea mtu aliye hai?

Semeni kwa cheo: "Rais wa kisiwa", "Mkuu wa jeshi". Kadi za ukweli zinataja majina kwa sababu zinaeleza yaliyotokea. Maagizo na hotuba za mezani ni ya kubuni, na yasibandikwe popote baada ya zoezi yakiwa na jina la mtu, kwani kuna atakayeyasoma kama habari.

Kundi likiondoka katikati?

Paris wakiondoka, mwamuzi anasoma "hakuna jibu kutoka Paris" kila raundi, na zoezi linaendelea vizuri tu. Mwali wakiondoka, Moroni wanawachukua. Wapatanishi wakiondoka, hali ya bandari inabaki ilivyokuwa raundi iliyotangulia hadi mwisho. Moroni au Mutsamudu wakiondoka, simamisha, andika kwenye daftari vifuniko, punje na kadi za kila kundi, piga picha manila zote mbili, na uendelee siku nyingine kuanzia raundi ile ile.